Nimezunguka kwa mganga, kwa sheikh na kwa daktari, usingizi bado haujarudi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Katonga, Kigoma. Nina miaka 34, mke mmoja na watoto watatu. Ziwani niliingia nikiwa na miaka 18, kwa hiyo nina miaka 16 ya kukesha juu ya maji. Anayesoma safu yako ni mke wangu, siyo mimi. Ndiye aliyenipa daftari akasema, "Mwandikie Shangazi, au mimi narudi kwetu Uvinza."

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mimi na mdogo wangu wa mwisho tulikaa miezi yote mitatu chini ya mwembe wa mama tukishona nyavu. Yeye alikuwa na miaka 22, amemaliza kidato cha nne, kazi hana. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Kufika mwezi wa pili alikuwa ananirekebisha mimi mafundo. Ziwa lilipofunguliwa akasema na yeye anaingia. Mama alikataa. Aliyekwenda kumbembeleza mama ni mimi.

Usiku wa ajali tulikuwa wanne. Sitaeleza yote. Upepo uligeuka, mtumbwi ukajaa maji ukapinduka, taa zikazimika moja baada ya nyingine. Tulikuwa na madumu mawili ya njano, yale ya lita 20. Wenzetu wawili walishika moja, la pili alilishika mdogo wangu. Akanisukumia. "Kaka shika, mimi naogelea." Na kweli alikuwa anaogelea kutushinda wote. Alfajiri wavuvi wa Kibirizi walitukuta watatu. Habari hii ya dumu sijamwambia mtu, si mama, si mke wangu.

Tulimtafuta siku tisa. Hakupatikana. Mama akasema hakuna matanga, maana hakuna aliyemwona amekufa. Ni miezi saba sasa, na kila jioni anapakua sahani moja ya ziada, anaifunika kwa kawa na kuiweka pembeni ya jiko. Asubuhi anawapa kuku. Hakuna anayethubutu kusema kitu.

Mimi tangu hapo si mtu. Ziwani sijarudi. Usiku nakaa mlangoni naangalia taa za wenzangu kule majini, nazihesabu, na taa moja ikipotea moyo unakwenda mbio mpaka ionekane tena. Nalala wakati wa mbalamwezi tu, wavuvi wakiwa nchi kavu. Alfajiri mke wangu akichukua dumu kwenda kuchota maji, ile sauti ya dumu tupu likigonga kizingiti inanitoa kitandani nimelowa jasho. Siku moja alinishika bega kunituliza, nikamsukuma akaanguka. Sikujua nafanya nini. Gongo nilianza kwa ajili ya usingizi. Mwanzoni ilikuwa glasi, sasa ni chupa ya soda imejaa, kila usiku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka nipate mafunda mawili. Kuna siku natamani ziwa lingenichukua mimi. Na juu ya hayo yote, tajiri mwenye mtumbwi anatudai hasara ya wavu na taa.

Tiba nimezunguka. Mganga mmoja alisema mdogo wangu hajafa, wamemshika watu wa ziwani, akataka mbuzi na shilingi 250,000. Nilitoa. Tukafanya kisomo nyumbani, wakaja watu wengi, nikalala siku nne mfululizo, kisha ikaisha. Kliniki walinipa vidonge vya amitriptilini, nikameza siku tisa. Mdomo ulikauka kama mchanga, mawazo yakabaki palepale, nikaacha. Sasa kuna dada anauza makopo ya virutubisho, anasema ni tiba ya mtu mzima, mwili, akili na roho, dozi ya mwezi ni 185,000. Ameniambia nisichanganye na vidonge vya hospitali kwa sababu ni kemikali, na hata kisomo kinavuruga dozi yake.

Swali langu ni moja, Shangazi. Katika hizi zote, tiba yenyewe ni ipi? Nimefika mwisho wa reli, na siyo kwa maana ile wanayousifia mji wetu. Nimebakiwa na pesa ya tiba moja.

Mvuvi, Katonga


Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole nyingine mpelekee mama.

Naanza na sentensi uliyoipachika katikati ya barua, kama mtu anayepitisha mzigo mbele ya askari wa ushuru akiomba usifunguliwe. Unatamani ziwa lingekuchukua wewe. Kwa ajili ya sentensi hiyo nilikupigia simu siku ileile barua ilipofika, na tuliyozungumza yanabaki yetu. Hapa naandika kwa mwingine anayesoma akiwa na sentensi kama hiyo kifuani. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili, na swali hili tulifundishwa kuliuliza waziwazi: unaona tu kwamba afadhali ungekufa, au umeshafikiria namna ya kujiua? Kuuliza hakumpi mtu wazo jipya. Wengi niliowauliza walishusha pumzi, wengine walilia. Kama umefika kwenye namna, usisubiri kumaliza kusoma. Mwambie mtu aliye karibu, mwende hospitali pamoja, iwe usiku au mchana, wala usiachwe peke yako. Kama hujafika huko, bado mwambie mtu. Na vidonge vilivyobaki ndani atunze mkeo. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo inavuruga mapigo ya moyo hadi kuua, na juu ya gongo ni hatari zaidi.

La pili ni hiyo chupa ya soda. Mikono inayotetemeka hadi upate mafunda mawili maana yake mwili umeshaizoea pombe na sasa unaidai kama mkopo. Watakuja wanaume wenzako wakwambie acha leo leo, kaza moyo. Usiwasikilize. Mtu anayekunywa kiasi hicho kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege kama ya kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kupanda joto, na wapo wanaokufa kwa hilo. Nenda hospitali useme kiasi chenyewe. Usikipunguze kwa aibu, maana dawa ya kukushusha taratibu inapimwa kwa kiasi hicho. Watakupa dawa ya siku kadhaa, na waulize kuhusu vitamini B1, kwa sababu wanywaji wengi huishiwa nayo na ubongo ukaumia. Wakikulaza, lala. Na usingizi wa gongo haujawahi kuwa usingizi. Unakuangusha saa tatu, saa nane usiku unakuamsha moyo ukidunda, halafu wewe unadhani ni mawazo peke yake.

Sasa swali lako. Unauliza tiba yenyewe ni ipi kana kwamba ni mtihani wa kuchagua herufi. Nami nakuuliza: kati ya hao wote uliowaendea, nani alikwambia uache wengine?

Dada wa makopo. Naye ndiye wa kuacha. Siku hizi haya maneno ya mwili, akili na roho yanauzwa kwa dozi, lakini wazo lenyewe ni la zamani na halina kopo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya ni kuwa vizuri kimwili, kiakili na kijamii, siyo kutokuwa na ugonjwa tu. Anayetaka kukutibu mzima angekuuliza unalala saa ngapi, unakula nini, unakaa na nani, mama anaendeleaje, unaswali, unadaiwa na nani. Yeye amekuuliza bei utakayoweza. Shilingi 185,000 kwa mwezi, kwa mvuvi wa dagaa! Samaki unayemla mzima na miba yake, mwenye protini na kalsiamu, umemwanika kwa mikono yako kwenye mchanga wa Katonga, halafu anakuja mtu na kopo. Zibakize hizo pesa ndani.

Mganga sitaki kubishana naye kuhusu wenyeji wa ziwani, kila mtu na alichorithi. Ninachomshika nacho ni kimoja. Alikwambia mdogo wako yuko hai kule chini. Kwa neno hilo alichukua mbuzi, akachukua 250,000, na akafunga mlango ambao familia yenu ilitakiwa ipite: mlango wa kulia.

Kisomo, angalia. Ulilala siku nne. Watu walikuja, wakakaa, nyumba ikajaa sauti, ukala ukiwa umezungukwa, na hukuhesabu taa. Katika miezi saba hicho ndicho kitu pekee kilichofanana na matanga. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwenu mfiwa hajaanza, kwa hiyo majirani wamebaki nje ya ua, hawajui waje na pole au waje na matumaini. Mwisho wakaacha kuja.

Vidonge ulivyoacha siku ya tisa, kosa siyo lako peke yako. Dawa ya namna hiyo huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla mtu hajaona nafuu ya mawazo. Mdomo kukauka huanza siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua. Ulipaswa kuambiwa hayo kabla hujatoka mlangoni na kama hukuambiwa, naomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Rudi. Nenda Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, uulize kliniki ya afya ya akili. Eleza kuhusu gongo kwanza, kwa sababu pengine watakubadilishia dawa kabisa. Uombe pia mtu wa kuzungumza naye zaidi ya mara moja. Vidonge bila mazungumzo kwa tatizo lako ni kasia moja.

Tatizo lako lina jina, mwanangu. Ni kiwewe. Usiku ule ubongo wako ulipiga picha ya kila kilichokuwepo, rangi ya njano, mlio wa plastiki, taa kuzimika, ukaziweka zote kwenye fungu moja lililoandikwa kifo. Sasa dumu tupu likigonga kizingiti, fungu zima linafunguka kabla akili haijauliza ni saa ngapi na uko wapi. Uko majini tena. Aliyekushika bega wakati huo hakuwa mke wako, alikuwa maji. Huo si wazimu wala woga, na anayekwambia umelogwa hajawahi kukaa na waliotoka kwenye ajali. Wengi hutulia wenyewe ndani ya mwezi mmoja hivi. Ukipita mwezi na bado, inatakiwa tiba. Wewe umepita saba.

Likikukuta hilo, fanya hivi, na ujizoeze mchana ukiwa mzima ili usiku likukute unalijua. Kaa kitandani, miguu miwili chini, bila ndala. Kandamiza nyayo kwenye sakafu mpaka uisikie ubaridi wake. Sema kwa sauti vitu vitano unavyoviona: neti, kanga ya mke wangu, ndoo, dirisha, kiatu cha mtoto. Kisha vuta pumzi ya kawaida, uitoe polepole mara mbili ya ulivyoivuta, kama unayepuliza chai ya moto usiimwage. Rudia mpaka mabega yashuke. Nimewaona watu wazima wakicheka zoezi hili siku ya kwanza, wiki ya tatu wanamfundisha jirani. Na mkeo akitaka kukuamsha asikushike. Asimame upande wa miguu, akuite jina, akutajie mahali: "Uko nyumbani, Katonga." Hilo dumu, mnunue ndoo yenye mfuniko kwa sasa. Tutalirudia.

Nilipoisoma barua yako mara ya tatu nilipiga mstari chini ya maneno ambayo sidhani ulijua umeyaandika: "Nalala wakati wa mbalamwezi tu." Kwa wasomaji wa bara, dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Wewe usingizi unao. Unauzuia kwa sababu umejipa kazi ya ulinzi. Kila usiku wenye taa uko lindoni mlangoni, ukihakikisha hakuna mwingine anayezama, na mbalamwezi ikija unapewa likizo. Ongeza hapo miaka 16 ya kukesha. Mwili uliofundishwa tangu ujana kwamba usiku ni kazi haugeuki kwa sababu mwenye nao amekaa nchi kavu. Nusu ya kukosa usingizi kwako ni ratiba ya mvuvi, na ratiba hubadilishwa: amka saa moja ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, utoke nje upate jua la asubuhi usoni, usilale mchana zaidi ya nusu saa, ule chakula cha jioni cha kushiba, ugali wako wa muhogo na migebuka ya mawese, kabla giza halijaingia vizuri. Na kiti hicho cha mlangoni kihamishie uani, upande usioona ziwa. Wenzako wako ziwani na akili zao na taa zao. Hukuajiriwa kuwalinda.

Mchana je, unafanya nini? Hukuniambia, nikajua hufanyi kitu. Mikono yako inajua kushona nyavu. Nenda mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, saa mbili asubuhi, siyo kuvua, kushona. Siku ya kwanza saa moja tu, ukikaa umegeuzia maji mgongo kama ni lazima. Mikono ikitetemeka mafundo yatakuwa mabaya, uyafumue, uanze tena. Wapo watakaokulipa kidogo, nawe hukai na mawazo yako ndani ya chumba kimoja.

Tena mwaloni kuna wazee. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao mpaka tatizo moja lipate njia. Kwa lugha yao ya Kishona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo" tunamwacha nayo. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi zile walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Katonga haikosi mzee aliyewahi kurudi bila mwenzake. Mtafute, mshonee wavu wake, mwache aongee. Na wale wawili walioshika dumu la kwanza, mmeshakaa pamoja hata mara moja tangu siku ile? Nina hofu kila mmoja anakesha kwenye mlango wake akihesabu taa zilezile.

Tajiri wa mtumbwi usimwendee peke yako. Mwende wote watatu na viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, cha mwalo wenu, mkasikilizane hapo. Limeisha.

Sasa mama. Usiiguse ile sahani. Usimwambie mtu amfiche kawa, wala wajukuu wasimcheke. Anajua. Mwanamke anayewapa kuku chakula kile kila asubuhi anajua, ila hakuna aliyempa namna ya kulia bila maiti. Nenda kwa sheikh wa msikiti wenu, huyo huyo aliyewasomea, umweleze habari ya sahani. Atakueleza kuhusu swala ya ghaibu, ya kumswalia maiti asiyekuwepo, jinsi Mtume alivyomswalia mfalme Najashi aliyefia mbali, Habasha. Atamweleza mama pia kwamba katika mafundisho yetu aliyekufa maji ana daraja la shahidi. Nina hakika neno hilo likitoka kwa sheikh, kibarazani, bila haraka, litafika mahali ambapo vidonge vyako havifiki. Asilazimishwe kuchagua siku. Akisema bado, ni bado. Nyinyi watoto mnaweza kuanza dua yenu Alhamisi jioni palepale kwenye mwembe mliposhonea nyavu, nyama isiwepo, sufuria la uji litoshe. Yeye atakuwa anasikia kutoka jikoni.

Unachokiona kuwa kosa lako, kumbembeleza mama amruhusu, sitakwambia usijilaumu. Sijaona mtu aliyeacha kujilaumu kwa kuambiwa aache. Lakini ulilibeba pamoja na lile la dumu, na mawili hayo yakikaa gizani yanaonekana ni kitu kimoja: kwamba ulimpeleka, kisha ukachukua nafasi yake. Hebu yatenganishe. Uliomba ruhusa kwa ajili ya kijana wa miaka 22 aliyetaka kazi. Yeye, akiwa muogeleaji kuliko nyinyi, aliamua nani ashike dumu. Uamuzi ule ni wake. Ukiuita kosa lako, unamnyang'anya.

Ndiyo maana kwenye simu nilikuomba jambo moja, kwamba barua hii isitoke kabla mkeo hajaisikia habari ya dumu kutoka kinywani mwako, maana yeye ndiye msomaji wangu. Nikamwomba mhariri aizuie wiki mbili. Jumanne ukanitumia ujumbe wa neno moja: "Nimemwambia." Sikujibu, nilikuwa nimesimama dukani na chenji mkononi, ikabidi niketi kwenye kreti la soda. Mama naye atakuja kuambiwa, siyo wiki hii. Siku ukiweza, mwambie maneno yake kama alivyoyasema, usipunguze, usiongeze.

Kurudi majini kusikupe haraka. Usiku usiingie mpaka gongo imetoka mwilini na daktari amekuona. Kwanza ufukwe mchana, miguu majini hadi kifundoni. Kisha mtumbwi uliovutwa nchi kavu, ukae ndani yake na mtu mmoja, mpige soga. Kisha mchana, karibu na ukingo, ziwa likiwa limetulia. Kila hatua uirudie mpaka ikuchoshe, ndipo uende nyingine, hata kama ni miezi. Na siku ukirudi kazini, jaketi la kuokolea liwe mwilini, siyo limekaliwa kama mto. Zile 185,000 zinaweza kuanzia hapo. Ukiona hutaki tena kuwa mvuvi, nyavu zina fundi wake, na hakuna aliyekuandikia ziwa.

Lile dumu la njano mkeo aliweke uani, juani, usiliepuke kwa macho. Lipandeni mchicha au liwe la kumwagilia mpapai, lizoeeke kidogo kidogo kuwa dumu.

Niandikie baada ya mbalamwezi ijayo. Habari za mbalamwezi nazijua, wewe nieleze ulilala saa ngapi usiku wa kwanza taa zilipowaka tena.